Umejuaje kama kidonge hakina ngano?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mama wa miaka 61, naishi Ujiji. Binti yangu ana miaka 24. Mwaka jana alipimwa kwa kamera tumboni kule Mwanza, wakachukua kinyama, wakasema ana ugonjwa wa siliaki na asile ngano maisha yake yote. Aliacha chapati, mkate na maandazi, akapata nafuu kubwa. Anatumia pia dawa ya tezi kila asubuhi na vidonge vya kuongeza damu. Wiki mbili zilizopita rafiki yake alimwambia vidonge hushikanishwa kwa unga wa ngano, akaviacha vyote. Nilipouliza duka la dawa la mtaani wakacheka, wakasema huo ni ugonjwa wa wazungu. Mwingine akasema ngano iko kwenye vidonge vyeupe tu. Nitajuaje dawa ina ngano au haina? Na akiumwa malaria nimpe nini?

JIBU: Shikamoo mama. Ngano itasubiri kidogo, nianze na hizo wiki mbili, maana ndizo zilizonishtua katika barua yako.

Dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, haitoki mwilini kwa siku moja. Nusu yake huchukua kama wiki nzima kuondoka. Ndiyo sababu binti hakuona tofauti siku za mwanzo alipoacha, akadhani ameweza. Sasa zimepita wiki mbili, imebaki kama robo, na huu ndio wakati mwili unapoanza kudai: uchovu usioeleweka, kusikia baridi mchana wa Ujiji wakati wengine wanajipepea, choo kigumu, usingizi mwingi. Mpigieni leo daktari anayemhudumia, mwambieni wazi ameacha kwa siku ngapi na kwa nini, awaelekeze namna ya kurudi kwenye dawa. Mengine yote ninayoandika hapa chini mnaweza kuyafuatilia huku anameza.

Na hao waliocheka, wasamehe. Ugonjwa huu hauonekani sana kwenye vitabu vyetu vya kliniki kwa sababu huku kwetu hautafutwi sana, na watu wanaokula ugali wa muhogo na wali hawaugusi mara kwa mara moto unaouwasha. Lakini si wa wazungu. Utafiti uliochapishwa 1999 kuhusu watoto wa Sahara Magharibi, Waafrika wanaokula ngano kwa wingi, ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100 wanao. Sijui kama ipo jamii ya Ulaya iliyowafikia.

Sasa ngano. Wewe umekanda chapati miaka mingi, basi unaijua gluteni kuliko unavyodhani. Ule uteute unaofanya donge la unga livutike bila kukatika ndio gluteni yenyewe. Chukua donge hilo, liweke kwenye bakuli la maji, likande kwa vidole polepole. Maji yatakuwa meupe kama tui, na mkononi utabaki na kitu cha mpira-mpira. Weupe uliotoka ni wanga, mpira uliobaki ni gluteni, ambayo ni protini. Unga wa muhogo ukiuosha hivyo haukuachii mpira huo, wala wa mahindi, kwa kuwa hamna gluteni ndani yake. Mwili wa binti yako hauna ugomvi na wanga. Unapigana na ile protini ya ngano, na ndugu zake wa kwenye shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano, kwa Kiingereza "rye"), na vita hiyo ndiyo inayoharibu vijidole vidogo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula. Vikiharibika, chuma hakifyonzwi, damu inapungua. Hapo ndipo vidonge vyake vya damu vilipoanzia.

Rafiki yake hakubuni kila kitu. Kidonge kweli hushikanishwa. Chukua levothairoksini ya mikrogramu 100: hiyo dawa yenyewe ni sehemu moja ya kumi ya miligramu moja. Ukiimwaga mezani unaweza kuifuta kwa mkono usijue umefuta nini. Hakuna mtu anayeweza kuishika wala kuimeza hivyo, kwa hiyo kiwanda huongeza vitu vya kujaza, vya kushikanisha, vya kukifanya kidonge kipasuke kikifika tumboni, na vya kuzuia unga usigande kwenye mashine. Nitaviita viambato saidizi. Mara nyingi huwa ni laktosi ya maziwa, selulosi ya miti, chumvichumvi za kalsiamu, talki, na wanga. Na wanga unaotumika viwandani karibu siku zote hutoka kwenye mahindi, viazi au muhogo. Yaani kidonge alichokikimbia huenda ni jamaa wa karibu wa ugali alioula jioni. Euthyrox, ambayo ni aina mojawapo ya levothairoksini, inatengenezwa kwa wanga wa mahindi.

Wanga wa ngano upo pia, ila ni wa nadra. Huo umeshapita kwenye maji kama lile donge lako la bakulini, gluteni ikatolewa, ikabaki mabaki kidogo. Swali la maana basi ni mabaki hayo ni kiasi gani, na hapa kuna tarakimu za kushika. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa rasimu ya mwongozo Desemba 2017 ikasema haijui dawa yoyote ya kumeza iliyoko sokoni kwao iliyowekewa kwa makusudi gluteni au unga wa ngano, na kwamba ni chache mno zenye wanga wa ngano. Hata hizo chache, ilikadiria, gluteni itakayokuwemo kwenye kidonge kimoja haizidi nusu miligramu.

Nusu miligramu ni nini? Utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa 2007 uliwapa wagonjwa wa siliaki miligramu 50 za gluteni kila siku kwa siku tisini, na utumbo ukaonyesha madhara. Chini ya miligramu 10 kwa siku ndicho kiwango ambacho wataalamu wengi wanakiona salama kwa walio wengi. Kwa hesabu hiyo, binti yako angehitaji kumeza vidonge zaidi ya ishirini kwa siku, vyote vya wanga wa ngano, vyote vibaya kuliko kawaida, ndipo avuke mstari. Sasa weka chapati moja upande wa pili wa mizani: gramu 50 hivi za unga, gluteni kama gramu 4 au 5, yaani miligramu elfu nne na zaidi. Na miligramu 10 za gluteni zinapatikana kwenye unga wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gramu. Ni ule unga unaobaki kwenye kibao cha kusukumia chapati baada ya kukipangusa.

Naweza kuishia hapa nikakuambia usihangaike. Nisingekuwa nimekutendea haki, kwa sababu ulichouliza ni "nitajuaje", na kukisia siyo kujua. Somo hilo nililipata kwa aibu.

Nilikuwa bado kijana kazini, kwenye dirisha la dawa la hospitali moja ya mkoani. Alikuja mwalimu wa kujitolea, mgeni, anaumwa kifua. Nilimpa antibayotiki, akaniuliza kama ina gluteni. Nikamjibu haina, kwa ile sauti ya mtu anayetaka foleni isogee. Akanitazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Umejuaje?" Sikuwa nimejua. Nilikuwa sijawahi hata kusoma orodha ya viambato saidizi ya dawa ile niliyoigawa kila siku. Niliporudi ndani nikaitafuta nikakuta haina kweli, lakini nilipatia kwa bahati tu. Tangu siku hiyo hilo ndilo swali ninalowafundisha wagonjwa wangu waulize. Mtu akikwambia ina, muulize umejuaje. Akikwambia haina, muulize vilevile. Aliyesema ngano iko kwenye vidonge vyeupe, naye aulizwe. Rangi haisemi chochote: parasetamoli nyeupe mara nyingi ni ya wanga wa mahindi, na kidonge chekundu kimepakwa rangi juu ya weupe uleule.

Jambo moja lazima likae kichwani kabla hujaenda kuuliza. Gluteni haifuati jina la dawa, inafuata kiwanda. Ukiuliza "parasetamoli ina ngano?" umeuliza swali lisilo na jibu, kama kuuliza kama mboga ina chumvi bila kusema ya nani. Dawa hiyohiyo, kipimo hichohicho, inatengenezwa na viwanda vya India, Kenya na hapa nchini, na kila kiwanda kina mapishi yake. Mwezi huu duka limeleta ya huyu, mwezi ujao limeleta ya yule aliyepunguza bei. Unachotakiwa kuulizia ni boksi lililo mkononi: jina la dawa, kipimo, jina la mtengenezaji, na namba ya toleo.

Hapa ndipo mazingira yetu yanapokuwa magumu kuliko ya wale wanaoandika miongozo. Dawa nyingi huku zinakuja kwenye kopo la vidonge elfu moja. Mtoa dawa anamimina kwenye sinia la kuhesabia, anahesabu tano tano kwa kijiti, anatia kwenye kibahasha, anaandika 1x3, kwaheri. Karatasi ya maelezo imebaki ndani ya kopo, kama ilikuwepo. Mgonjwa anaondoka na vidonge visivyo na baba wala mama. Kwa hiyo ombi lako la kwanza dukani ni dogo tu: "Naomba nione kopo lilikotoka." Piga picha kwa simu, mbele na nyuma, upande wenye jina la kiwanda usomeke. Kwa dawa ambazo binti anazimeza kila siku, nunueni zilizo kwenye pakiti yake yenye karatasi ndani, hata kama bei inapanda kidogo. Na akishapata ya kiwanda kimoja iliyothibitika, aombe hiyohiyo kila mara. Kwa dawa ya tezi ningesema hivyo hata angekuwa hana siliaki, kwa sababu kuhamahama kutoka kiwanda kimoja hadi kingine kunaweza kuyumbisha kipimo chake.

Usiogope kusema ugonjwa kwa jina. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtoa dawa asiyejua kwa nini unauliza atakuona msumbufu tu. Mwambie: "Binti yangu ana siliaki, ngano inamharibu utumbo, daktari amethibitisha." Kwenye duka la dawa muhimu huenda usimkute mfamasia, kwa sababu maduka hayo huhudumiwa na watoa dawa waliopewa mafunzo maalumu. Wanafanya kazi nzuri, lakini swali hili ni la mfamasia. Nenda kwenye famasi kubwa pale Kigoma mjini au hospitali ya mkoa ya Maweni, uombe kuonana naye.

Karatasi ikipatikana, macho yaende sehemu ya viambato. Imeandikwa Kiingereza, kwa hiyo nakupa maneno kama utakavyoyaona. Ukikuta "maize starch" au "corn starch", huo ni wanga wa mahindi. "Potato starch" ni viazi, "tapioca starch" ni muhogo wetu. "Lactose", "microcrystalline cellulose", "magnesium stearate", "povidone", "talc", "titanium dioxide", "hypromellose": pita, hakuna ngano hapo. Ukikuta "wheat starch", simama uulize. "Malt" au "barley" ni shayiri, simama pia. Likiandikwa "starch" peke yake, au "pregelatinised starch" bila kutaja mmea, hapo ndipo pa kuuliza kiwanda, ingawa mimi mwenyewe ningeweka dau kwenye mahindi.

Kuna jina moja linalowatisha watu bure: "sodium starch glycolate". Wanaona "gly" wanasoma gluteni. Hiki ni kitu cha kukifanya kidonge kipasuke upesi, na kwa kawaida kinatoka kwenye viazi. Utakikuta kwenye Norvasc, amlodipini ya shinikizo la damu. Glukosi nayo siyo gluteni, ni sukari. Jelatini ya kwenye kapsuli inatokana na wanyama. Nimeshamwona mtu akimwaga pakiti ya ORS kwa sababu imeandikwa glukosi, na mtoto anaharisha. ORS ni glukosi na chumvichumvi tu.

Karatasi isipopatikana, bado kuna njia. Shirika la Afya Duniani hukagua na kuorodhesha dawa za malaria, kifua kikuu na virusi vya ukimwi zinazonunuliwa na programu za serikali, na taarifa zake za wazi kwenye intaneti zinataja viambato saidizi vya kila bidhaa kwa kiwanda chake. Dawa nyingi mnazopewa bure kituoni zimo humo. Wamarekani wana hifadhi iitwayo DailyMed ambayo huonyesha kiambato kimoja kimoja. Ina faida, ila tahadhari: inaeleza kidonge kinachouzwa Marekani, na kampuni hiyohiyo inaweza kuwa na mapishi tofauti kwa kopo linaloletwa Kigoma. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo inayosajili dawa nchini, na kiwanda hakisajiliwi bila kuwasilisha mapishi yake yote. Ofisi yao ya kanda ya magharibi iko Tabora.

Njia ya mwisho, na mara nyingine ndiyo ya uhakika zaidi, ni kukiuliza kiwanda chenyewe. Anwani iko kwenye boksi. Mwombe mfamasia aandike, maana barua ya mfamasia hujibiwa haraka kuliko ya mgonjwa. Isiulize tu "ina gluteni?" kwa sababu swali hilo hupelekwa kwa mwanasheria. Iulize: je, kuna kiambato chochote kwenye bidhaa hii, kipimo hiki, toleo hili, kinachotokana na ngano, shayiri au rai? Wanga wake unatokana na mmea gani? Je, mapishi yamebadilika hivi karibuni?

Jibu mtakalopata huenda likawa hivi: hatuongezi gluteni kwenye bidhaa, lakini hatuipimi, hivyo hatuwezi kuthibitisha kuwa haina kabisa. Watu wengi wakisoma hivyo moyo unaruka, wanaona wameambiwa ndiyo kwa kificho. Mimi nalisoma kinyume. Kampuni imesema haiweki, na haitaki kushtakiwa kwa vumbi isilolipima. Kwa hesabu tuliyopiga juu, vumbi hilo ni dogo sana. Jibu la namna hiyo kwangu ni ruhusa ya kumeza. Linalonizuia ni "wheat starch" iliyoandikwa waziwazi, na hata hapo sitasema acha. Nitasema tutafute ya kiwanda kingine, na huku tukitafuta, endelea kumeza. Ulaya wenyewe, tangu 2017, kidonge chenye wanga wa ngano huandikwa kwenye karatasi yake kiasi cha gluteni kwa mikrogramu, na kwamba ni vigumu kimletee shida mwenye siliaki.

Vidonge vya damu navyo vifuatwe njia hiyohiyo, vya kopo hasa. Sindano, dripu na chanjo hazipiti utumboni kama chakula, msihangaike nazo. Dawa za kupaka pia, isipokuwa za mdomoni ambazo mtu huzilamba.

Ninachokiogopa zaidi ya kidonge ni vile vitu ambavyo havina karatasi wala kiwanda. Sharubati za kuongeza hamu ya kula zenye shayiri ndani. Virutubisho vya unga vinavyouzwa stendi na mtu mwenye kipaza sauti. Dawa ya mizizi iliyosagwa ikachanganywa na unga wowote uliokuwa karibu. Hapo ukiuliza umejuaje, jibu ni "wengi wamepona". Avikwepe vyote.

Na uji wa lishe, mama. Mchanganyiko wa mahindi, ulezi, soya na karanga hauna tatizo, lakini wengi wanatia ngano kidogo "upate nguvu", na hata usipotia, mashine ya kusaga ilikuwa na ngano ya mwenzako dakika tano zilizopita. Sagisheni mapema asubuhi wakati mashine imetoka kusafishwa, au baada ya mtu aliyesaga muhogo mwingi, na kilo ya kwanza mpeni mtu mwingine. Muulizeni pia muuza mihogo ya kukaanga kama mafuta yake yamepita maandazi. Samaki wa kukaanga pale mwaloni, wengine huwapitisha kwenye unga wa ngano wasishike kikaango. Hostia ya kanisani ni ya ngano, na kama anakomunika, azungumze na paroko, kwani Kanisa Katoliki linaruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, au kupokea divai peke yake. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kumwingizia gluteni kuliko dawa zake za mwaka mzima, na sijasikia mtu akimtisha nacho.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya wenye siliaki. Akimeza dawa mpya tumbo likavuruga, anasema "ina ngano". Huenda, lakini metformini, dawa ya kisukari, huharisha watu wasio na siliaki. Amoksilini pia. Chuma huumiza tumbo, hufunga choo na kukigeuza cheusi. Dawa ya maji isiyo na sukari mara nyingi huwa na sorbitoli, kitu cha kuitia utamu, nayo huendesha. Utumbo ambao haujapona vizuri huwa haupendi maziwa, kwa hiyo kikombe cha maziwa alichomezea kidonge ndicho huenda kilimvuruga. Ipo hata dawa ya shinikizo, olmesartani, ambayo FDA ilitoa onyo 2013 kwamba inaweza kuharibu utumbo na kuleta kuharisha kunakofanana kabisa na siliaki, bila chembe ya gluteni. Kwa hiyo dalili zikirudi, andikeni tarehe, alichokula, dawa ya kiwanda gani, na kama kopo limebadilika. Mpelekeeni daktari karatasi hiyo. Kipimo cha damu cha kingamwili za siliaki kitaonyesha kama gluteni inaingia kweli, ingawa hakibadiliki kwa siku mbili tatu. Mkiona dawa ndiyo yenye madhara, mtoa huduma ajaze fomu ya njano ya TMDA, ndiyo kazi yake.

Malaria sasa. Apimwe kwanza, kama kila mtu. Akikutwa nayo, apewe dawa ya mseto ALu bila kuchelewa. Coartem, ambayo ni ALu ya kiwanda kimojawapo, haina wanga wa aina yoyote katika viambato vyake. Za viwanda vingine nyingi hutumia selulosi au wanga wa mahindi, mnaweza kuzihakiki kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani. Lakini hata mkikosa pa kuhakiki, hesabu ni hii: mtu mzima humeza vidonge 8 kwa siku kwa siku 3, na kwa kadirio baya kabisa la FDA hiyo ni miligramu 4 za gluteni kwa siku. Malaria haingoji barua ya kiwanda. Amezee na chakula chenye mafuta, kwa sababu lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizo ndani ya ALu, bila mafuta haifyonzwi vizuri. Wengine hutafuta chapati kwa hilo. Binti yako atafute ugali wa muhogo na mgebuka ulioungwa kwa mawese, na hapo Ujiji hamkosi.

Kurudi kwenye dawa zake za kila siku, kuna kosa ninaloliona mara nyingi, na kwa kuwa umesema anatumia zote mbili naliweka hapa. Levothairoksini na vidonge vya damu visikutane. Chuma hukishika kidonge cha tezi tumboni, kikapita bila kufyonzwa. Daktari akishamwambia aendelee, ameze cha tezi alfajiri kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, angoje nusu saa hadi saa nzima ndipo anywe chai. Cha damu akisogeze mchana, angalau saa nne baadaye. Na kwa kuwa utumbo wake umekuwa ukipona tangu aache ngano, huenda sasa anafyonza dawa zaidi kuliko mwaka jana, hivyo kipimo cha zamani kinaweza kuwa kimezidi. Mwombeni daktari apime homoni ya TSH, inayoonyesha kama kipimo cha dawa ya tezi kinamtosha au kimezidi, wiki sita hivi baada ya kurudi kwenye dawa.

Makopo na pakiti alizoziacha msizitupe. Zipigeni picha, mkaonyeshe Maweni.